Makosa Matatu kwa Kila Pashmina

Jerioth alilipa dola sita kwa kila pashmina, na kwa dola hizo sita alitaka makosa matatu. Si mawili, maana mawili mteja anaweza asiyaone. Wala si manne, maana kwa manne mteja atataka apunguziwe bei. Sharti hilo alilitoa akiwa amesimama katikati ya sebule ya Pelagia huko Grand Prairie, Marekani, mkoba begani, viatu miguuni, juu ya zulia lile lile ambalo mume wa Pelagia alikuwa amelilalia.

"Habari ya mzee," alisema, akamruka Faustine kama mtu anayeruka dimbwi, wala hakungoja kuisikia hiyo habari.

Faustine alikuwa amelala chali tangu Machi, mto chini ya magoti. Mgongo ulimkatikia ghalani, kwenye masanduku aliyoyabeba miaka sita, na ghala likamtumia kadi ya kumtakia nafuu yenye picha ya mbwa. Kitanda kilimuumiza, zulia lilimfaa. Kazi pekee aliyoiweza ni kutunga uzi kwenye sindano za mkewe. Alizinyanyua juu ya uso wake, akafumba jicho moja, akazitunga kumi kumi na kuzichomeka kwenye sponji.

"Shida yako Mama Precious, unashona smart sana," Jerioth aliendelea. "Hii corner umefanya iko straight kabisa. Mzungu akiona hii atasema ni ya machine. Mzungu analipia mkono, na mkono lazima ukosee."

"Nikosee wapi, Dada Jerioth?"

"Popote. Si wewe ndio fundi?"

Pashmina zenyewe, zinazopaswa kuwa shali za sufu laini ya mbuzi, zilitoka Houston, duka la jumla karibu na Alief, zimefungwa hamsini hamsini kwenye nailoni, zinanuka nailoni, na zilikuwa zimedariziwa na mashine ambayo haijawahi kukosea wala kuchoka. Nakshi ilikuwa ile ya korosho, kama ya kanga. Kazi ya Pelagia ilikuwa kufumua korosho moja kila pembe na kuidarizi upya kwa mkono, ipinde, ili mteja akigeuza nyuma akute fundo na uzi uliopotea njia. Halafu anafunga kikadi cha Kiingereza kinachosema kwamba hii ni pashmina halisi, imedariziwa kwa mkono kwa muda wa miezi sita na wajane wa Kilimanjaro. Pelagia alizaliwa Bukoba. Kilimanjaro aliupitia mara moja tu kwa ndege, na siku hiyo kulikuwa na mawingu. Jerioth aliziuza dola mia na themanini, na wanawake wenye akili zao timamu walizinunua.

Kudarizi Pelagia alifundishwa na masista. Sista Marguerite hakutazama mbele ya kitambaa hata siku moja. Alikigeuza nyuma kwanza, na akikuta fundo, rula ilishuka kwenye vidole. "Mbele ni kwa wageni," alizoea kusema. "Nyuma ni kwa Mungu." Pelagia alipigwa hadi nyuma ya vitambaa vyake ikawa kama mbele, mtu asijue upande wa juu ni upi. Sasa, akiwa na miaka arobaini na nne, analipwa kurudisha mafundo yale yale.

Jerioth akaona afundishe. Alitoa mkobani foronya, na ndani ya foronya akatoa pashmina nyingine, ya rangi ya maziwa, nyepesi hata ikataka kuruka na upepo wa kiyoyozi.

"Hii ndio original. Ya Kashmir. Niliipata Fort Worth, familia inauza vitu za mama yao alikufa. Mtoto wake hata hakujua ni nini. Nilinunua pamoja na sufuria. Sasa angalia nyuma uone vile hawa watu hukosea."

Pelagia alienda kunawa mikono kwanza. Aliigeuza, akaisogeza dirishani, akaifuata kwa kidole jani kwa jani. Jerioth alichoka kungoja, akaanza kutazama simu.

"Hakukosea," Pelagia alisema.

"Hapo, ona. Hiyo majani imepinda."

"Hapo macho yalichoka, dada. Halafu hapa tena, tazama, amelala akaamka, mkono umetulia. Huyu mtu hakukosea hata mahali pamoja."

"Basi na wewe chosha macho," alisema Jerioth, akairudisha Kashmir nzima ndani ya foronya.

Oktoba Jerioth aliandaa hafla katika ukumbi wa kanisa moja la Mansfield, meza zenye vitambaa vyeupe, wageni wanaokula keki kwa uma. Alimwagiza Pelagia aje na kanga na asivae hereni. Faustine akaomba naye aende. Wiki tatu hajatoka nje ila kwa daktari, alitaka tu kuona watu. Alivaa koti lake la harusi, robo saa nzima kuingiza mikono, na mkewe akamlaza kwenye kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma kabisa.

Jerioth aliwapokea kwenye maegesho. Aliinama, akamwona Faustine, na uso ukamkunjamana.

"Ai, mzee angoje kwa gari."

"Hawezi kukaa sana garini, mgongo—"

"Mama Precious. Akiingia ataharibu story."

"Story gani?"

Aliijua story alipofikishwa jukwaani, taa usoni, na Jerioth akamshika bega kwa namna ambayo hajawahi kumshika na kutangaza kwa Kiingereza kizuri kwamba huyu hapa ni mmoja wa wajane wenyewe. Kwamba mumewe alipofariki hakubaki na kitu ila sindano. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mama mmoja mwenye lulu shingoni alilia na keki mdomoni. Pelagia aliambiwa aseme neno, akasema "Asanteni," na Jerioth akalitafsiri neno hilo kwa dakika nzima, sauti ikimtetemeka, huku simu zikirekodi.

Angeweza kusema pale pale. Kiingereza cha kusema mume wangu yuko nje, hatua arobaini kutoka hapa, alikuwa nacho, alikitumia kila siku kwa wazee aliowaogesha kwenye kituo cha kulelea. Lakini aliona pashmina thelathini mezani, akaona mkono wa Jerioth begani mwake, akanyamaza. Aliona aibu kubwa, na bado akanyamaza.

Saa mbili baadaye alimkuta Faustine anatoka jasho, ameuma kola ya koti kwa maumivu.

"Nimesikia makofi. Umefanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Watu hawapigi makofi bure, Pela."

"Wamepiga kwa sababu umekufa," alisema, akawasha gari.

Faustine alicheka, na kicheko kikamchoma mgongo, akakiacha. Walikuwa wanaikaribia Grand Prairie alipofungua mdomo tena.

"Uchuro huo," alisema mwishowe. "Kwetu mke hamchurii mumewe aliye hai."

"Sikusema mimi. Alisema yeye."

"Wewe ulisema nini?"

"Nilinyamaza."

"Haya," alisema Faustine, akageuza uso dirishani.

Video ilipita kwa wazungu wa Mansfield, ikatua kwa Waswahili, na huko ndiko ilikopata miguu. Watanzania wa eneo hilo walikuwa na Chama cha Faraja, na mwenyekiti wake alikuwa Deo, dalali wa nyumba mwenye gereji mbili, mtu aliyekuwa mwenyekiti wa kila kitu chenye kiti. Faustine alikilipia chama hicho ada kwa miaka sita. Mwaka huu alichelewa miezi miwili na wakamwondoa kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza kulikoni. Miezi saba aliyolala kwenye zulia hakuja mtu, hata wa kuleta ndizi. Tusiwaonee, walikuwa na shughuli: harusi tatu, send-off mbili na mashindano ya nyama choma.

Lakini msiba ni kitu kingine. Msiba una kamati, una sare, una mahali pa kusimama na kuonekana. Mke wa Deo, Ndeshi, aliitazama video akiwa saluni, na kwa kuwa ni mtu makini akapiga simu kuhakikisha.

"Dada Pelagia, pole sana."

"Asante, dada. Nimeshapoa."

"Yaani hatukujua kabisa! Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kila mtu ana yake."

"Jamani. Shemeji amelala tangu lini?"

"Amelala tangu Machi."

"Machi! Na wewe peke yako muda wote huo?"

"Mimi na Precious tu."

"Alisumbuka sana?"

"Mwanzoni alisumbuka. Usiku analia kama mtoto. Sasa hivi ametulia."

"Ametulia," alirudia Ndeshi, na Pelagia akasikia anavuta kamasi. "Mungu ni mwema, dada yangu. Basi wewe usihangaike na lolote. Sisi tupo."

Ndiyo lugha yetu. Aliyelala kwa mgongo amelala, na aliyelala katika Bwana amelala vile vile, na anayetaka kujua tofauti anauliza swali moja zaidi. Ndeshi hakuuliza, maana alikuwa anaitwa kwenye sinki la kuoshea nywele.

Pelagia alikata simu, akakaa chini karibu na mumewe. "Wametukumbuka," alisema. "Ndeshi amelia kabisa."

Faustine alitazama dari, macho yakamlowa. "Kumbe watu wana utu," alisema. "Mimi nilikuwa nawalaumu bure."

Jumatano Jerioth alikuja mbio mbio na mfuko mweusi, akausukumia mlangoni.

"Order ya haraka. Watanzania wenu wana matanga, wanataka pashmina nyeusi, ishirini na nne, jina ya marehemu kwa corner, kwa mkono. Karatasi iko ndani. Friday jioni nazichukua."

"Makosa?"

"Matatu, kama kawaida. Ni watu wenu lakini pia wao wanapenda original."

Hakujua ni msiba wa nani. Alipokea idadi na bei, na hayo mawili yalimtosha. Jina la mume wa Pelagia hakuwahi kulijua, kwa sababu "mzee" lilikuwa limemtosha pia.

Faustine alipewa karatasi aisome huku Pelagia akipanga nyuzi. "F, A, U," alisoma, akatabasamu. "Ni wajina wangu, Pela. FAUSTINE, herufi kubwa."

"Masikini. Faustine yupi huyo?"

"Labda yule wa Houston, mwenye kisukari. Kijana mzuri. Apumzike kwa amani."

Wakasali Salamu Maria kwa ajili ya marehemu, yeye chali, mkewe kwa magoti. Pelagia akaanza. Alikuwa amemaliza F na nusu ya A pale Precious, binti yao wa miaka kumi na tatu, alipotoka chumbani na simu.

"Mom? Is this Dad?"

Lilikuwa tangazo la Chama cha Faraja, mishumaa miwili na njiwa. Picha ilikatwa kutoka ile ya picnic ya miaka miwili nyuma, nusu ya uso imefunikwa na tikiti maji la mtu mwingine. Chini yake maneno ya kupendeza: kwa masikitiko makubwa, ndugu yetu Faustine amelala tangu Machi, mjane kwa unyenyekevu wake hakutaka kumsumbua mtu, Jumamosi saa nne asubuhi tutakwenda kumfariji.

Sindano ilibaki kwenye mguu wa A. Halafu Pelagia akampigia Ndeshi, akikosea namba mpaka Precious akambonyezea.

"Dada Ndeshi, kuna makosa. Faustine hajafa."

"Najua, mpenzi. Hajafa. Yu hai mioyoni mwetu."

"Hapana, dada, yupo hapa. Amelala hapa kwenye zulia, namwona!"

"Ndiyo, mpenzi wangu. Hata mama yangu alipofiwa alikuwa anamwona baba jikoni mwaka mzima. Usijilazimishe kuongea. Kunywa maji, pumzika."

Simu ikakatwa kwa upole. Deo hakupokea. Walipomwandikia ujumbe kwamba hakuna msiba, alijibu mara moja: "Tuko pamoja." Alikuwa anawajibu hivyo watu wote wiki hiyo.

Pelagia alilia. Alisema angeuchoma mfuko mzima, angekwenda Mansfield kwa miguu. Alisema ni kosa lake, kwa kuwa alinyamaza pale jukwaani, na Mungu amemjibu kwa sauti ya Ndeshi. Faustine alimwacha amalize. Kisha akachukua sindano kwenye sponji, akaitunga uzi wa fedha, akamnyooshea.

"Darizi."

"Nidarizi msiba wako?"

"Msiba ni wao. Jina ni langu. Darizi vizuri."

Kwa siku mbili, kila akitoka kituoni, Pelagia alidarizi jina la mumewe, herufi nane, mara ishirini na nne. Hakuweka makosa matatu. Hakuweka hata moja. Alificha kila mwanzo wa uzi ndani ya mshono na kila mwisho ndani ya mwanzo, nyuma ikatoka kama mbele, na herufi zile zilikuwa za kusomeka kwa mgongo wa kitambaa kama kwenye kioo. Vidole vilimuuma kwa namna aliyokuwa ameisahau, na aliona raha ambayo hakuipata tangu aje Marekani. Ijumaa jioni Jerioth hakushuka garini. "Weka kwa boot!" alisema. Pelagia alifungua mdomo amweleze, na dirisha likapanda.

Walikuja Jumamosi saa nne na robo, magari kumi na saba, wakaziba maegesho mpaka mzungu wa ghorofa ya chini akatoka na kaptula kuuliza kama kuna moto. Wanawake walianza kulia ngazini kwa zamu, pashmina nyeusi mabegani, jina la fedha kifuani. Nyuma yao wanaume na masufuria ya pilau. Pelagia alikuwa bado anavaa chumbani, kwa hiyo aliyefungua mlango ni Precious, na kabla hajasema good morning alikuwa amezamishwa kwenye kifua cha Ndeshi.

"Pole mwanangu! Baba amekuacha!"

"He's in the bathroom," alisema Precious kutoka ndani ya pashmina.

"Masikini," Ndeshi aliwaambia wenzake. "Na mtoto naye."

Waliingia na viatu. Walijaa juu ya zulia, mmoja akausogeza mto wa magoti kwa ncha ya kiatu. Deo, suti nyeusi, bahasha nene mkononi, alikohoa ili aanze hotuba, na hapo ndipo mlango wa bafu ulipofunguka. Faustine alitoka akishikilia ukuta, koti la harusi, povu la kunyolea bado sikioni.

"Karibuni," alisema.

Sufuria moja lilianguka. Ndeshi alipiga yowe, hili la sasa la kweli, tofauti kabisa na lile la ngazini. Deo alirudi nyuma akamkanyaga mtu.

"Ndugu," alisema alipopata sauti, "wewe ni nani?"

Miaka sita ya ada.

"Mimi ni Faustine."

"Faustine yupi?"

"Huyo mliyemvaa."

Watu walitazama vifua vyao. Pelagia alikuwa ameshatoka chumbani, na kabla hajafungua mdomo sauti ikatoka mlangoni. Jerioth alikuwa amefika kuchukua malipo yake, akifuata anwani kwenye simu, na simu ilimleta mpaka ngazi anayoijua. Alimwona Faustine, akasoma jina kwenye vifua ishirini na vinne, akaelewa yote kwa pigo moja, maana mjinga hakuwa.

"Huyu ni shemeji yake," alisema kwa sauti. "Ndugu ya marehemu. Mimi nawajua hawa watu, anakaa hapa kusaidia familia."

Ungeona jinsi chumba kilivyopumua. "Aaah!" alisema Deo, rangi ikimrudia. "Ndiyo maana wanafanana!" Wengine wakaafiki kwamba wanafanana sana, hasa paji la uso, ingawa paji la marehemu walilijua kwa nusu tu, nusu nyingine ilikuwa tikiti maji. Bahasha iliyokuwa imeanza kurudi mfukoni ikatoka tena. Ndeshi akajitengeneza pashmina.

"Mama," Deo alimgeukia Pelagia, kwa upole wa mtu anayetaka kufika nyumbani na heshima yake, "huyu ni shemeji yako, sivyo?"

Hakutakiwa kusema lolote. Angenyamaza tu, kama alivyonyamaza Mansfield. Bahasha ingebaki mezani, pilau ingebaki jikoni, Jerioth angeleta hamsini nyingine wiki ijayo. Alimtazama mumewe. Faustine aliinamisha kichwa, mkono umekaza ukutani, na Pelagia aliona kwa uchungu kwamba hakuwa anangoja atetewe. Alikuwa tayari kufa ikiwa kufa kwake kutamsaidia mkewe kulipa pango.

"Si shemeji," alisema Pelagia. "Huyu ni Faustine, mume wangu wa ndoa. Kule Mansfield walisema amekufa na mimi nikanyamaza, Mungu anisamehe. Hajafa. Anaumwa mgongo."

"Mgongo?" aliuliza mwanamke mmoja, kama aliyetukanwa. "Yaani nimeacha shift ya Jumamosi kwa ajili ya mgongo?"

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia amelala!" Ndeshi alifoka.

"Amelala. Mmesimama mahali anapolala."

Walitazama chini. Baadhi walisogea, ila kwa kuwa lilikuwa zulia na si kaburi hawakusogea sana. Deo alisema kwa huzuni kwamba chama kimeshatoa taarifa rasmi, na kwamba mtu mwenye busara angetafuta njia ya kuwasiliana. Alimkazia macho Faustine kama mtu aliyewakosea kwa kuwa hai bila kibali. Bahasha ilirudi mfukoni. Pilau ilirudi garini ikiwa bado ya moto, na Ndeshi alirudi mara ya pili kuchukua sahani za karatasi.

"Hata chapati?" Faustine aliuliza.

"Ni za chama," alijibu, bila kumtazama.

Kisha wakakumbuka walichovaa. Kuvaa jina la kifo la mtu aliye hai ni balaa, na kwa hilo walikuwa wepesi. Walizivua haraka kama waliogundua siafu ndani, wakazirusha kwenye kochi, moja juu ya nyingine. Jerioth alimkimbilia Deo ngazini adai pesa yake, na Deo akamwambia chama hakilipii sare ya msiba usiokuwepo. Akarudi anahema.

"Umeniharibia, Mama Precious. Mimi sikulipi hizi."

Aliokota moja kwenye lundo, labda aone kama jina linafumuka. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza mbele, kisha nyuma tena, na uso wake ukapata furaha ya mtu aliyemkamata mwizi.

"Na hii ni nini? Mistakes ziko wapi? Hakuna hata moja! Ulipeleka kwa machine, si ndiyo? Uliniambia unashona kwa mkono na ukapeleka kwa machine!"

Pelagia angeweza kumwonyesha vidole. Badala yake alienda kufungua mlango, ambao tayari ulikuwa wazi, akaufungua zaidi.

Jioni ile Chama cha Faraja kilitoa tangazo la pili, bila njiwa: "Marekebisho. Ndugu Faustine hajafariki. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Watu sitini na wawili waliweka alama ya kidole gumba. Hakupiga simu hata mmoja.

Baridi ilikuja mapema Desemba hiyo. Jerioth hakuleta tena kazi, akapata mjane mwingine huko Houston, na kipasha joto walikizima saa za mchana ili bili ishuke. Pelagia alitoa zile nyeusi chini ya kitanda. Hazikuwa pashmina, hazikuwa hata sufu, lakini nane zikiungwa kwa nane juu yake zilikuwa na uzito. Alishona Jumapili nzima baada ya misa, Faustine akimtungia sindano, majina kumi na sita yakiangalia kila upande.

Alipomaliza alilitandaza blanketi hilo juu ya mumewe pale zuliani. Faustine alilishika ukingo, akalifunua, akalitazama ndani, akalitazama nje, akachanganyikiwa.

"Upande wa juu ni upi?"

"Wowote," alisema Pelagia, akamfunika mpaka mabegani.